Dubai Karibu, Bugembe Mbali

Magid anauza vitunguu Mbale, hajapanda ndege hata ya kuchora. Baba yake alipofariki usiku, dada yake Rania alipata ndege ya alfajiri kutoka Dubai.

"Sheikh, kabla ya kuzika tumsubiri amuone baba," Magid aliomba. "Ni masaa matano tu angani!"

Sheikh akakubali kungoja mpaka alasiri, basi. Ndege haikuchelewa. Ila Magid alisahau kwamba inatua Entebbe, safari ndefu ya gari kutoka Mbale, si sokoni kwake. Rania alivuka bahari akinywa juisi, halafu alasiri ikamkuta Bugembe, hata nusu ya njia hajafika, nyuma ya malori ya miwa.

"Kaka, nisubirini!" alilia kwenye simu.

Magid alimtazama sheikh. Sheikh akatazama jua. Basi Magid akaielekeza simu kaburini, dada yake asikie udongo ukimwagwa.