Nilibadilisha Maneno ya Goreti

Mi njo mwenye kosa. Naanza hapo ili usinihurumie bure kabla hujasikia. Mtu alinipa maneno yake niyafikishe, na mimi nikayabadilisha. Wala hakuna aliyenishikia kisu!

Jina langu sitaliandika. Ujue tu natoka Bukavu, nilisoma, na Kiingereza nilikifundisha kabla mambo ya Zaire hayajatutupa Malawi, mimi na mume wangu na batoto wetu wawili. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka katikati ya miaka ya tisini. Kambi ilikuwa bado changa, wenyeji bado wanaiita gereza, maana ilikuwa gereza kweli. Aliyetupokea ni Papa Zakaria, mzee wa kanisa letu. Alitutafutia chumba, akaniita "binti yangu". Nilimwamini kuliko ndugu zangu wa damu.

Goreti alikuwa jirani yangu. Mrundi, mjane, mtu wa kulima, mpole. Mchana mmoja alirudi kutoka kutafuta kuni bila kuni, nguo imepasuka, mdomo umevimba. Aliingia kwangu, akafunga mlango, akaniambia yote. Mwalimu wa kwaya yetu alimfuata porini, akampiga, akambaka.

"Dada, usiniache," alisema. "Ameniambia atarudi."

Nikamwambia simwachi. Mungu wangu, nilisema hivyo kwa mdomo huu huu!

Nilikuwa nimesikia kwamba Lilongwe kuna biro, yaani ofisi, inayosaidia wanawake waliotendewa mabaya. Wanaandika dosie, faili la habari yako, wanakusindikiza hospitali na polisi, tena wana nyumba mtaa wa Area 18 ya kumficha mwanamke asiyeweza kurudi kwake. Tukapatana kwenda. Goreti alijua Kirundi na Kiswahili tu. Mimi nitakuwa mkalimani.

Kabla ya kuondoka nikaenda kumwomba Papa Zakaria ushauri. Ningekaa kimya tu!

Alinisikiliza vizuri, mikono juu ya magoti. Kisha akasema: "Binti yangu, hii maneno tutaimaliza ndani ya kanisa. Yule kijana ataungama mbele ya bazee, tutamuhamisha. Ukiipeleka kwa Bamalawi, watasema bakimbizi bote njo vile."

"Na Goreti?"

"Tutamulinda. Nakupa neno langu. Kule Lilongwe sema tu ni bezi balimupiga. Musaada atapata, na kanisa itabakia na jina yake."

Nikiwa nimesimama kuondoka, akaongeza kwamba cherehani ya kanisa inatafuta mama wa kuishika. Nikatoka. Lakini nilisikia. Loo, nilisikia vizuri!

Pale biro tulipokewa na mama wa makamo, nitamwita Amayi Chisomo, yaani Mama Chisomo kwa Kichewa cha wenyeji. Alitupa chai, akafungua karatasi. Goreti akaanza kusema, macho chini. Alisema mengi, alilia, akaendelea. Kila aliponyamaza aliangalia mdomo wangu.

Nami nikasema kwa Kiingereza: wezi wawili. Yeye hawajui. Walitaka kitenge chake.

Amayi Chisomo hakuridhika. "Muulize, hawakumfanya jambo lingine?"

Nikamgeukia Goreti nikamuuliza kwa Kiswahili: "Anauliza kama uko na njaa."

"Njaa?" Goreti alishangaa. "Hapana."

Nikageuka tena. "Anasema hapana."

Ee jamani! Miaka yote hii, hilo swali la njaa ndilo linaloniamsha.

Walimpa blanketi mbili, sufuria, na barua ya kwenda kutibiwa mdomo. Tukapanda gari kurudi Dzaleka. Njiani Goreti aliniuliza taratibu: "Dada, nimewaambia yote. Hawakuniamini?"

"Labda hapa njo kawaida yao," nikamjibu.

Jumapili ile mwalimu wa kwaya alisimama mbele kama kawaida, akatuimbisha. Jumapili ya pili pia. Nikamuuliza Papa Zakaria, akasema nisubiri, wazee wanakaa kikao. Wiki ya tatu yule mwanaume akamvizia Goreti akitoka kuchota maji, akamvunja mkono kwa sababu alienda Lilongwe. Nani alimwambia kwamba tulienda? Tulikuwa watatu tu tuliojua!

Nilikimbia kwa Papa Zakaria. Nilimkuta mke wake, anachambua maharage.

"Uache hiyo maneno, mama," alisema. "Hukujua? Ule mwalimu ni mutoto ya dada ya bwana yangu."

Kumbe yule baba alikuwa halindi kanisa, alikuwa analinda damu yake. Na mimi mwalimu mzima, mwenye diplome, nilikuwa nimetumwa kama karatasi!

Sasa ungetegemea nirudi biro niseme ukweli. Sikurudi. Niliogopa, maana uongo ulioandikwa kwenye dosie ulikuwa wangu. Na cherehani ilikuwa tayari nyumbani kwangu.

Goreti alihama kambi mkono ukiwa bado umefungwa. Akaenda kulala kwa Mrundi mwenzake, mjini Lilongwe, akawa anauza maharage soko la Tsoka. Pale, katikati ya wateja, Kichewa kilimwingia. Miezi ikapita. Siku moja akaacha biashara yake, akaenda biro peke yake, akajieleza kwa mdomo wake mwenyewe. Amayi Chisomo akafungua dosie ya zamani, akamsomea kilichoandikwa.

Walikuja kwangu wote wawili. Nilikuwa nashona.

"Dada," Goreti alisema, "bezi babili?"

Nikaanza kueleza habari za Papa Zakaria, alivyosema, alivyoahidi. Akanikatiza.

"Yeye sikumupatia maneno yangu. Nilikupatia weye."

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga!

Polisi walipokuja kumtafuta mwalimu wa kwaya, alikuwa ameshavuka kwenda Zambia. Jumapili Papa Zakaria alisimama kanisani, akanyoosha kidole upande wangu. "Mukalimani alitudanganya sisi bote. Mi sikujua kitu." Yeye! Aliyeniita binti! Hakuna mzee aliyeinua kichwa. Kesho yake wakaja kuchukua cherehani, gauni la mtu likiwa bado chini ya sindano. Mume wangu aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Tangu hapo ananisemesha kama mpangaji mwenzake.

Goreti alipata chumba Area 18, chumba ambamo alipaswa kulala tangu siku ile ya kwanza. Mimi nilienda biro, nikasema yote, na jina la Papa Zakaria nikalitaja. Amayi Chisomo aliandika, akanisomea, nikatia sahihi. Akasema zikomo, asante ya kwao. Kisha akaniambia nisikanyage tena pale kama mkalimani. Inaniuma, lakini ana haki.

Sasa weye unayesoma. Kama umewekwa katikati ya mtu aliyeumizwa na mtu wa kumsaidia, sema alivyosema, hata kama mchungaji wako, baba yako au tumbo lako linakuomba vingine.

Na kama ni weye uliyeumizwa, usimpe siri yako mtu mmoja tu. Uliza wameandika nini. Uwaombe wakusomee mbele ya mtu wa pili anayejua lugha yako. Na ukiona mkalimani anakujibia kabla hujamaliza kusema, mtoe nje. Hata kama unamwita dada.