Pole ya Anselimu kwa Ngome

Benchi la mbele katika kanisa la kigango chetu cha Sigino lina nafasi ya mtu mmoja, na hakuna anayesogea kuijaza. Upepo uliezua paa miaka mitatu iliyopita. Mvua ikinyesha tunajibanza chini ya turubai, karibu na altare. Nafasi ile ilikuwa ya Anselimu, katibu wetu.

Ndiye tuliyemtuma Ujerumani, kwa parokia rafiki, na barua ya kuomba bati. Tulimchagua kwa adabu zake, na adabu ndizo zilizotumaliza. Siku tisa alikula, akashukuru, akanyamaza, maana mgeni haombi akiwa bado mlangoni. Barua aliipangia kuitoa siku ya mwisho.

Siku hiyo mwenyeji wake, Wolfgang, aliyewahi kufundisha useremala Babati, alimpandisha kilimani kwenye ngome ya kale. Kuta nene, madirisha matupu, nyasi zimeota palipokuwa ukumbi. Anselimu akavua kofia.

"Pole sana, mzee wangu. Paa lilianguka lini?"

"Ah, zamani! Miaka mia tano."

"Na mmeshindwa kuezeka mpaka leo?"

"Hatutaki kuezeka. Tunaitunza hivi hivi."

Anselimu aliijua kauli hiyo. Hata kwetu, aliyeishiwa husema hataki. Na kwetu hupeleki shida yako kwa mwenye msiba, unampelekea mikono. Basi akaiacha barua mfukoni, akaahidi kwamba mavuno yakiisha, Sigino italeta watu ishirini waje kuezeka. Wolfgang akamkumbatia, machozi yakimlenga. Baadaye alituandikia kutushukuru: hajawahi kupata kutoka Afrika mgeni asiyeomba kitu.

Anselimu alirudi na picha arobaini za kuta.

"Bati ziko wapi, Baba Anjela?" akauliza Lukresia, mwenyekiti wa akina mama, mbele ya kigango kizima.

"Wenzetu nao wameezuliwa, mama. Tena muda mrefu kuliko sisi."

"Kwa hiyo umepanda ndege kwenda kuyapa pole magofu!"

Tulicheka mpaka padre naye akacheka. Tukamwita Bwana Ngome, sokoni na njiani. Sisi tunaojua sana kuheshimu msiba, tulimwita hivyo hata kwenye matanga ya kaka yake.

Sasa Anselimu anaishi Mutuka kwa binti yake Anjela, analima alizeti, na Jumapili husali nyumbani.