Nilivyopanda Boti la Mpira Rufiji

Mie maji nayaogopa tangu utoto, na sababu sina. Hakuna ndugu yangu aliyezama, wala sikuwahi kutumbukia kisimani. Maji yakinipita goti tu, nageuka narudi. Nilipotoka eda ya marehemu mume wangu, wanawake wa mtaani walinipeleka baharini kunikosha, kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani. Nikafika kwenye vifundo vya miguu, nikagoma. Wakanivuta, nikakaa chini mchangani. Mwisho binti yangu, wakati huo bado kigoli, akachota ndoo akanimwagia kichwani, akasema, "Haya, mama ameshaoga bahari nzima." Walicheka mpaka tunafika Temeke.

Huyo binti ndiye ninayemwandika hapa. Alikuwa kitinda mimba wangu.

Alikuwa na kazi kiwanda cha nguo. Zama za ruksa zilipokuja, mitumba ikajaa mjini, kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Haukupita muda mumewe, dereva wa malori ya masafa, akafa. Walisema kifua. Pale matangani watu hawakumlilia marehemu sana, walikaa wakimtazama mjane, kakonda au hajakonda. Mwanangu aliyaona yale macho. Alipomaliza eda tu akapata kazi ya kupika kwenye kambi moja ya watalii kule mtoni Rufiji, kwa wazungu waliokuja kuteremsha watu kwenye maji ya kasi kwa maboti ya mpira. Akaondoka. Idi ndogo hakuja, Idi kubwa hakuja.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa na mtoto wa kiume anayebeba mkaa kwa lori kutoka upande wa Kibiti. Siku moja akaja nakaanga maandazi, akachutama karibu na jiko.

"Shoga, mwanangu kamwona mwanao sokoni. Anasema hakumjua mpaka alipoitwa."

"Kwani kavaa nini?"

"Si mavazi. Kakonda." Halafu akasema, "Na kampa salamu zako. Kambi wanaifunga kabla ya masika, siku za mwisho wafanyakazi wanaalika ndugu zao, wanalala, wanakula, wanapandishwa boti kama wageni. Anasema mama aje likizo."

"Likizo ya nani? Mie ofisi yangu hili karai."

"Ndiyo hivyo. Mtu mzima unaitwa ukachezee maji."

Maandazi yaliungua karai zima, na mie siunguzi maandazi. Kesho yake nikamwachia jirani kuku wangu, nikaondoka. Sikwenda likizo. Nilikwenda kumchukua mwanangu nimrudishe nyumbani.

Nilimkuta jikoni kambini, kajifunga kitambaa kichwani na sweta juani. Akaniamkia, akanishika mikono yote miwili. Uso ulikuwa umebaki macho. Nikamwambia pale pale, hata maji sijanywa, "Kusanya vitu vyako. Kesho tunarudi."

"Mama, hata hujakaa."

"Nitakaa nyumbani."

"Nikirudi, wale wanawake watakuja kunitazama kama mwali. Kila siku mmoja na kisingizio chake. Huku hanitazami mtu."

"Nani atakayekupikia uji huku, kambi imefungwa?"

Akachekecha unga. Mwanangu huyu alikuwa mbishi, na ubishi kautoa kwangu, siwezi kumlaumu. Halafu akatabasamu, lile tabasamu la ndoo ya baharini.

"Basi tufanye hivi. Kesho sie wafanyakazi tunapanda boti. Ukipanda na mie mpaka mwisho wa maporomoko, narudi Temeke. Usipopanda, niache."

Alijua sitapanda. Ndiyo maana alisema.

"Hilo boti linaondoka saa ngapi?" nikamwuliza.

Asubuhi tulipelekwa mahali mto unapobanwa na majabali. Kabla hujauona, unausikia, kama mashine ya kusaga iliyoachwa bila nafaka. Boti lenyewe lilikuwa mfuko tu, limejazwa upepo. Nikasema moyoni, watu wazima na akili zao wanakalia puto. Nahodha alikuwa kijana wa bara, mpole. "Shikamoo, bibi," akasema, akanivisha jaketi la boya, lile linaloelea maji yakikuchukua. Kwangu halikufungika mpaka alipolegeza mikanda yote. Wafanyakazi wakacheka, nikawaacha wacheke.

La mwanangu nikalifunga mwenyewe. Nikavuta mkanda. Ukaja. Nikavuta tena, ukaja, mpaka ukafika ncha na jaketi bado linacheza kifuani kwake kama la kaka yake. Yeye akatazama mto. Mie nikatazama ule mkanda uliobaki mkononi mwangu, mrefu.

Tulipokaa botini, nikavua kanga yangu ya mabegani. Ilikuwa kanga kuukuu, maandishi yake yamefutika, na ndiyo niliyokuwa nikimbebea mgongoni alipokuwa mchanga. Nikaizungusha kiunoni kwake na kiunoni kwangu, nikapiga fundo. Mama akiogopa njia, anamfunga mtoto mbelekoni. Sikujua namna nyingine.

Nahodha akaona. "Bibi, hiyo fungua."

"Huyu mwanangu."

"Najua, bibi. Boti likipinduka, mliofungana mnazamishana. Kwenye maji haya kila mtu peke yake."

"Mama, nifungue," mwanangu akasema taratibu.

Nikafungua. Fundo lilikuwa kavu, liliachia upesi.

Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri maana nilifumba macho. Maji yalikuwa meupe, yanatoka juu na chini. Nahodha alipiga kelele, "Kafi! Pigeni kafi! Inameni!" Kafi yangu niliikumbatia kama mtoto. Nilitoa shahada, nikaikosea, nikaanza upya. Katikati nikasikia mtu anacheka, nikafumbua macho, ni yeye, mdomo wazi, kitambaa kimeshatoka kichwani, anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa. Tangu mumewe afe sikuwa nimesikia kicheko kile.

Halafu boti likainua kichwa upande mmoja, na nafasi ya mwanangu ikawa tupu.

Sikupiga kelele. Nilitazama tu pale alipokuwa amekaa. Nahodha alilala tumbo kwenye ukingo, akamkamata kwa bega la jaketi, akamnyanyua kutoka majini kwa mkono mmoja, kama unavyotoa nguo kwenye beseni. Mkono mmoja, na mkono wa pili bado umeshika kafi. Wenzetu wakashangilia. Kijana hakushangilia. Alimtazama mwanangu, akanitazama mie, akainamisha macho. Alikuwa ameupima uzito wake, na mie nilimwona anaupima.

Tulipofika maji yaliyotulia, mwanangu akatema maji, akasema, "Mama umepanda. Sikudhani."

"Ahadi," nikasema.

"Ahadi," akasema.

Tukarudi Temeke masika inaanza. Jirani alikuja na sahani ya mihogo, akasimama mlangoni, shingo imeingia chumbani kabla ya miguu. "Eti, maji ya Rufiji yanasemaje?"

"Yanasema anayeleta mihogo akae chini, anayekuja kutazama aende sinema."

Alikaa. Namshukuru, alikaa mpaka mwisho, na wengine wengi hawakukaa. Hospitali walituambia jina la ugonjwa. Miaka ile likishatajwa hilo jina hakuna tena wa kukwambia unywe dawa gani. Tulirudi nyumbani, nikampikia uji.

Alipoacha kutembea nikawa namchukua bafuni mgongoni. Bafu letu lilikuwa uani, makuti manne na jiwe la kusimamia. Namwogesha, namvika kanga kavu, nainama, napitisha ile kanga kuukuu chini ya mapaja yake, nafunga fundo kifuani, nasimama. Mwanamke aliyeolewa, akaharibikiwa mimba, akafiwa na mume, nambeba kama wa miezi mitatu, wala sihemi.

Mara ya kwanza alicheka sikioni mwangu. "Mama, yule kaka wa boti alisema kila mtu peke yake."

"Huku si mtoni," nikamwambia. "Tulia."

Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi, mvua zimeshakatika, kipupwe kimeingia. Alitaka maji ya moto. Nikamwosha mpaka vidole, akasema raha. Nikambeba. Nilikuwa sijafika katikati ya ua, kichwa chake kikalala begani kwangu kwa namna nyingine. Kilikuwa chepesi muda wote ule, pale kikawa kizito.

Sikuingia ndani. Nilizunguka ua. Nilipita penye kamba ya nguo, nikapita penye banda la kuku, nikarudi penye kamba. Nilikuwa natembea ule mwendo wa kubembeleza, mguu mmoja unakaa kidogo kabla ya mwingine. Jirani alitoka na ufagio, akanitazama, akaniona nazunguka tena. Akaweka ufagio chini.

"Shoga," akasema. "Mfungue."

Nikaendelea kuzunguka. Akanifuata, akaniwekea mikono mabegani, akanisimamisha.

"Mfungue, mwenzangu. Tumlaze."

Nikapeleka mikono kifuani. Kanga ilikuwa imelowa maji ya kuogea, na fundo la kanga iliyolowa linajikaza. Vidole vyangu havikupata pa kuingilia. Jirani akajaribu, naye akashindwa.

"Nilete kisu?"

"Kisu cha nini," nikasema. "Subiri. Nitalifungua mwenyewe."

Akamshika mwanangu mgongoni asidondoke, akasubiri.