Masale ya Mama

Nilijitolea kusafisha ukingo wa mto Nyamwamba kwa sababu ya kaburi la mama. Wengine waliitikia tangazo la kanisani. Mimi nilitoka Bwera alfajiri, nimebeba glovu zangu mwenyewe.

Mafuriko yalikuwa yameng'oa msalaba, yakabeba na mfenesi uliotuonyesha njia. Yalibaki masale tu, mimea ya majani marefu ambayo majirani zetu Wakonzo walitufundisha kuipanda juu ya kaburi, maana isale halifi upesi. Baba, aliyetoka Kenya kuja huku kuchimba shaba asirudi tena kwao, aliwacheka siku ile: "Kaburi inapandwa kama shamba?" Siku hizi hacheki. Kila nikimtembelea hapa Kasese hurudia maneno yale yale: "Nikikufa, mniweke karibu na yeye. Kwetu saa hii hakuna mtu ananijua."

Ncha za majani zilikuwa zikichungulia juu ya lundo la chupa, mikebe na ndala. Nikaelekea huko moja kwa moja. Afande aliyeleta askari kutoka kambini kutusaidia akanikemea: "Wewe mama, upande ya daraja! Hapa iko askari." Nikatii, ingawa nilikasirika. Nilijipoza moyo kwamba taka zikiondoka, mama atapumua.

Niliokota mifuko darajani hadi kiuno kikakataa. Niliporudi, askari wale, wageni wa sehemu hizi, walikuwa wamefyeka kila kilicho kijani na kusawazisha mchanga kama sakafu iliyopigwa deki. Walikuwa wanajivunia kazi yao. Masale yalilala juu ya lundo la taka, mizizi juu.

Nikapiga yowe. Afande akaja mbio, nikamweleza. Akavua kofia.

"Pole sana, mama. Onyesha mahali, tunarudisha sasa hivi."

Askari wakasimama na majembe, wakinisubiri. Niliutazama mto, nikatazama daraja, nikasogea huku, nikarudi kule. Kisha nikalia mbele yao bila haya. Mahali pote palikuwa safi.

Jioni nilimpelekea baba isale moja. Alilipapasa taratibu, akatabasamu.

"Wamesafisha vizuri kwa mama yako?"

"Vizuri sana, baba."

Akaniambia nilipande karibu na mlango, alimwagilie mwenyewe kila asubuhi, ili siku yake ikifika tusihangaike kutafuta lingine. Tulichukue tu, tukalipande pale, ubavuni mwa mama.