Ushoroba Uliopinda

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mtu akija mtaa wetu wa mabanda wa Gatwekera na tepu ya kupimia, tulijua nyumba zitabomolewa. Kwa hiyo yule mwanamke msomi wa chuo kikuu alipotokea na daftari lake, sikumpa hata kiti.

"Madam, nani amekutuma?" nilimuuliza.

Akasema hakutumwa na mtu. Alikuwa anatafuta sarufi ya maumbo, yaani sheria za jinsi nyumba zetu zinavyopangwa. Akanifungulia daftari: kushoto chumba kimoja, katikati mshale, kulia vyumba viwili vilivyopeana mgongo. Ukurasa mwingine, mlango ukitazamana na wa jirani, usogezwe. Mwingine, njia ya maji ikigonga ukuta, ipinde. Zilikuwa sheria kama kumi, zote amezichota kwenye nyumba tulizojenga mimi na fundi mwenzangu. Eti akizitia kwenye kompyuta ya chuo, itaanza na chumba kimoja na kuendelea mpaka ichore nyumba ambayo hakuna fundi ameijenga bado. Nilicheka, lakini sikumwamini hata kidogo. Nilimfuata kwa macho wiki nzima. Alipima hata ploti tupu.

Mwenzangu tulitoka naye kijiji kimoja huko magharibi. Tulikanyaga udongo pamoja miaka saba, na kabla ya kuoa tulilala chumba kimoja. Siku hizo tulikuwa tunaiwinda kazi ya ploti moja ya kona kule Mashimoni, pana huku, nyembamba kule. Mwenye ploti alitaka vyumba vinane bila kuziba njia ya maji, na kila fundi alishindwa. Niliumiza kichwa mpaka nikapata jibu: ushoroba, ile njia inayopita kati ya vyumba, upinde katikati. Nilimwambia mwenzangu peke yake.

Siku chache baadaye madam akarudi na karatasi za kompyuta, akanitandikia. Ya tatu ilikuwa ile ploti ya kona, mojawapo ya zile tupu alizopima. Vyumba vinane. Ushoroba umepinda katikati.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwacha madam amesimama hapo na karatasi zake, nikaenda moja kwa moja kwa mwenzangu. Alikuwa juu ya paa akipigilia mabati.

"Kwa nini umempea huyo madam mpango yetu?"

"Mpango gani? Mimi sijaongea na yeye, ndugu yangu. Haki ya Mungu."

"Basi ametoa wapi?"

"Si umuulize?"

Sikuuliza. Nilishakumbuka jinsi alivyomsalimia madam juzi, akitabasamu, na jinsi alivyonyamaza nilipomweleza ile kona. Nilivyozidi kufikiri ndivyo alivyozidi kuwa mwongo. Tuligawana vifaa siku hiyo hiyo. Yeye akachukua msumeno, mimi timazi. Akahamia Kawangware. Kazi ya Mashimoni niliikosa, maana peke yangu sikuaminika.

Madam alipomaliza utafiti wake aliniachia zile sheria, amezichora kwenye vipande vya kadibodi. Jumapili moja ya mvua nilizipanga sakafuni ili nimkamate madam na uongo wake. Nilichora ile ploti kwa chaki, nikaweka chumba kimoja, nikafuata mishale tu, bila kutumia akili yangu. Mgongo kwa mgongo. Sogeza mlango. Nilipofika pale ploti inapobana, kadi iliyofaa ilikuwa moja tu, nayo ilipinda ushoroba. Nikafuta, nikaanzia upande wa pili. Ukapinda tena. Hakuna aliyesema siri yangu. Mikono yangu ndiyo iliyoisema, miaka saba, katika kila nyumba niliyojenga. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Kesho yake nilitembea mpaka Kawangware. Nilimkuta anakandika ukuta. Nilizipanga kadi juu ya ubao, nikamwonyesha hatua kwa hatua, na alitazama mpaka mwisho.

"Kwa hivyo karatasi imekuambia, ukaamini," alisema. "Mimi nilikuambia na mdomo yangu."

Kisha akachota udongo mwingine, akaendelea na ukuta wake.