Vidonge vya Ijumaa

Nilitapika damu ndani ya kikapu cha majani chai. Ilikuwa nyeusi kama machicha ya kahawa. Wifi yangu, aliyekuwa akichuma mstari wa pili, alipiga kelele, "Mke wa kaka, umekula nini?" Nilikuwa nimeanguka kwa magoti, na ajabu ni kwamba magoti hayakuuma hata kidogo.

Magoti ndiyo yaliyoleta mambo haya yote. Miaka hiyo ya sabini yalivimba mpaka nikawa naomba nimeketi kwenye benchi kanisani, wenzangu wote wamepiga magoti. Wifi akanitania, "Huyu anaongea na Mungu kama chifu."

Muuza dawa nilimpata soko la Daraja Mbili, siku nilipopeleka ndizi. Alizunguka masokoni na sanduku la bati. Alinifungia kwa gazeti vidonge vyeupe vya aspirini na vingine vya manjano.

"Mama, cheupe kinapiga maumivu, cha manjano kinapiga uvimbe. Meza vyote."

"Kabla ya kula au baada?"

"Dawa ni dawa, mama."

Vilisaidia, sitadanganya. Nilimeza alfajiri, bila kitu tumboni, nikaenda kuchuma. Na kwa sababu Sabato hatufanyi kazi, niliona vibaya kushughulika na dawa siku hiyo. Basi nikameza ya siku mbili Ijumaa, jua halijazama, kama vile tunavyopika Ijumaa chakula cha Jumamosi. Tumbo likawaka. Choo kikawa cheusi kama masizi, nikasingizia mboga za managu.

Siku ya kutapika, majirani walinibeba kwa machela hadi barabarani. Hospitalini niliongezwa damu, na aliyeitoa ni wifi. "Sasa una damu yangu," akasema, "utaacha kunisengenya."

Daktari alifungua lile gazeti, akatikisa kichwa. "Mama, hivi ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote wanakula tumbo. Mtu humeza aina moja tu, akishashiba, kwa siku chache, na hakuna kurundika. Choo kikiwa cheusi, anaacha, anakuja siku hiyo hiyo."

"Na mimi?"

"Wewe umemaliza fungu lako. Usiviguse tena."

Alinipa dawa nyingine ya maumivu, si ya ukoo ule, na nikajifunza kukanda magoti kwa kitambaa cha maji moto. Siku nyingine napiga magoti, siku nyingine naombea kwenye benchi kama chifu, na wala sioni haya. Nipo. Nakula obokima, ugali wangu wa wimbi, na tumbo limetulia.

Lakini miezi michache baada ya kutoka hospitalini nilimwona yule muuza dawa sokoni Birongo, sanduku lile lile, akimfungia mzee mmoja vyeupe na vya manjano. Nikasimama mbele yake.

"Mama, unataka nini?"

"Nilikuuliza Daraja Mbili, kabla ya kula au baada. Karibu nife nikingoja jibu. Sasa nijibu, na huyu mzee asikie."