Koti la Kipupwe

Harufu ya nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye nguo, hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu wakifungua masanduku yao wanapiga chafya. Mimi nakunja ndita. Mnivumilie, maana mtu ninayemkasirikia alishaondoka nchini zamani, na jina lake halisi sikuwahi kulijua.

Kariakoo tulimwita Bwana Digrii. Alikuwa mtaalamu, kama walivyoitwa wageni wa Ulaya walioletwa miaka ile ya Ujamaa kutufundisha hiki na kile. Huyu wetu alifundisha mafundi karakana moja ya Gerezani, na asubuhi kabla ya kazi alipita sokoni kununua mapapai. Kiswahili alikijua, kile cha darasani, na kila mtu kwake alikuwa "ndugu", hata bibi wa kumzaa. Miezi mingine alikuwa mtu wa kawaida, anatoka jasho na kugombea bei kama sisi. Lakini kipupwe kikiingia, upepo wa asubuhi ukaanza kupita Dar na watu wakatoa masweta, alikuwa hastahimiliki. Akimwona mtoto mchanga kavishwa kofia ya sufu, anacheka mpaka anashika kiuno. Akimwona muuza kahawa kajitanda blanketi, anawaita wenziwe waje waone. Nilikuwa darasa la pili, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mama yangu aliuza nazi na viungo. Meza ya pili ilikuwa ya Mama Aikande, Mchaga aliyeuza maharage, mwanamke wa maneno mengi na mikono minene. Yeye naye alitucheka, ila kwake tulizoea. Kipupwe chote alivaa blauzi ya mikono mifupi, akisema watu wa pwani tungepelekwa kwao mlimani usiku mmoja tu, asubuhi tungeokotwa kama kuni.

Mama kila kipupwe alivaa koti la Baba. Baba alikuwa gadi wa treni, akafariki nikiwa bado nanyonya, na koti lake lilikuwa zito, jeusi, la sufu, lenye vifungo vya shaba. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake, na za Baba ziligawiwa zote, kanzu, mashati, hata mkanda. Koti tu ndilo Mama aliloomba aachiwe, akasema litamsitiri na baridi. Wakamwachia kwa shingo upande. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alikuwa na jicho nalo tangu siku hiyo. Kila mwaka alipita mezani kwetu, akashika ukosi, akauliza kama baridi bado ipo.

Siku ninayoisimulia, Bwana Digrii alikuja sokoni na kipimajoto, kile cha kioo chembamba kilichofungwa kwenye kibao. Alikining'iniza meza hadi meza, akisubiri, akisoma, akitangaza digrii kwa sauti kama mnadi samaki wa Feri. Alipotufikia sisi, Baba mkubwa alikuwa amesimama pale pale na mkono wake ukosini.

"Ndugu, tazama," Bwana Digrii alimwambia Mama. "Kwetu tukipata joto hili tunakwenda kuogelea. Vua koti. Hakuna baridi."

Baba mkubwa akatabasamu. "Shemeji, umesikia? Mtaalamu kapima mwenyewe. Basi koti la nini tena?"

Nilimtazama Mama, nikingoja aseme anasikia baridi, yaishe. Hakusema. Alishika kifungo cha juu kwa mikono yote miwili. Nilielewa jambo moja tu, kwamba asiposema neno, koti linakwenda. Bwana Digrii, akidhani anasaidia, akanyoosha mkono akafungua kifungo cha chini cha mjane mbele ya soko zima. Nikamng'ata. Nilimng'ata mkono kwa meno yote niliyokuwa nayo wakati ule, na kipimajoto kikaanguka, zebaki ikatawanyika kwenye maharage.

Hapo Mama Aikande akainuka, nikajua tumekwisha, kwa sababu yeye ndiye aliyeapa miaka yote kwamba Dar haina baridi.

"Mimi nimezaliwa mlimani," alisema. "Baridi naijua kuliko hicho kigae chako. Leo kuna baridi."

Akachukua kanga yake akajitanda mpaka kichwani. Muuza pilipili akasema kweli, tangu alfajiri anatetemeka. Muuza nyanya akajikunyata. Meza kwa meza, wanawake wa safu yetu wakajifunika, wakimkazia macho Baba mkubwa, mpaka akaachia ukosi na kuondoka bila kuaga. Bwana Digrii aliinama kuokota vioo, akirudia kwamba haelewi. Hakuna aliyemsaidia, na Mama Aikande alimfuata kwa matusi ya Kichaga hadi mlangoni.

Kipupwe kile chote Mama Aikande alivaa sweta zito la kijani, jasho likimtiririka puani. Mimi nilitamba shuleni kwamba baridi yetu imemshinda hata Mchaga.

Mama tulimzika mwaka jana. Julai hii nikafungua sanduku lake, nikalikuta koti katikati ya nafthalini. Nililivaa mbele ya dirisha lililo wazi, upepo wa kipupwe ukiniingia, na kabla sijamaliza kufunga vifungo mgongo ulikuwa umelowa. Mama alikaa ndani ya koti hili tangu alfajiri hadi adhuhuri, miaka nenda rudi. Niliketi kitandani kwake nikalia.

Bwana Digrii alipima sawasawa, na kwa hilo namchukia zaidi. Mama Aikande alijua kwa nini Mama halivui koti lile, na muuza pilipili alijua, na Baba mkubwa alijua vizuri sana anachokishika. Kati ya watu wote waliokuwepo pale, tuliodhani tunagombania baridi tulikuwa wawili tu, Bwana Digrii na mimi.